Gari kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya bima imefika. Ada imepanda maradufu! Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Haikubadilika.

Kosa langu? Ajali tatu katika miezi saba. Tatu tu! Ya kwanza, ukuta wa jirani yangu, daktari wa meno. Ya pili, gari la mikate, lililosimama ghafla kwenye taa nyekundu. Ya tatu, bango la kampuni ya bima yenyewe, siku nilipokwenda kuripoti ya pili. Hiyo nadhani ndiyo iliyowaudhi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita kutusalimia. Kasema ada yake hushuka kila mwaka, maana hajagonga kitu miaka minane. Hakuulizwa! Anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Mke wangu akasema heri mayai.

Bima inaisha tarehe 14. Bila gari sina kazi: mimi ni mpima ardhi, na vyombo vyangu ni vizito. Nimeapa. Ada itashuka, tena itashuka chini ya ile ya shemeji.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Nikithibitisha kwamba ukuta wa jirani umejengwa ndani ya barabara, basi mimi sikuugonga; wenyewe ndio ulionigonga. Ajali moja inafutwa.

Nimepima asubuhi nzima. Daktari wa meno kasimama na mswaki mdomoni, ananitazama. Matokeo: ukuta uko mahali pake sawasawa. Geti letu ndilo lililoingia kwake, sentimita themanini. Nikakunja karatasi haraka. Si haraka vya kutosha. Kumbe yule bwana anajua kusoma ramani! Geti linahamishwa mwezi ujao, kwa gharama yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya bima nimevaa suti. Niliegesha mtaa wa pili, kwa usalama wa bango jipya. Dada wa kaunta, ambaye moyoni namwita Bi Miwani, alinisikiliza kwa adabu huku akifungua faili langu kwa mikono miwili. Alisema njia ni moja: kozi ya udereva wa kujihadhari. Ukifaulu, unapata punguzo.

Kumbe rahisi hivyo! Mtu mwenye miaka kumi na tisa barabarani atashindwaje?

Jumamosi, 8 Machi

Kozi. Maswali ya kuandika: nimekuwa wa kwanza darasani! Mazoezi ya uwanjani: koni kumi, nimeangusha tisa. Ya kumi niliikwepa vizuri sana, nikakanyaga chupa ya chai ya mkufunzi. Akaniuliza kwa upole kama huwa navaa miwani.

Nimepewa cheti cha kuhudhuria. Nikampigia simu Bi Miwani. Kasema kuhudhuria si kufaulu. Watu wa maofisini na maneno yao!

Jumapili, 9 Machi

Wazo la mwaka! Limenijia tukiwa mezani kwa mama mkwe. Umri sitini na tisa, mkunga mstaafu. Leseni anayo tangu ujanani, hukata mpya kila inapoisha, na huiweka kwenye kabati la vyombo. Kama pambo, nadhani. Ajali? Hata moja. Gari likiandikishwa kwa jina lake, ada itaporomoka!

Nikamweleza. Akaacha kumenya chungwa.

"Kwa hiyo gari litakuwa langu?"

"Kwenye karatasi tu, mama."

"Na hizo karatasi natia sahihi mimi?"

"Ndiyo, mama. Dakika mbili tu."

"Haya, baba," akasema, akarudia chungwa lake.

Njiani mke wangu aliniuliza kama nina hakika na ninalolifanya. Hana jicho la mbali, maskini.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Bi Miwani akauliza dereva ni nani. Mama mkwe akafungua mdomo, nikamwahi: ni yeye! Ada mpya ni theluthi ya ile ya zamani. Chini ya shemeji! Nikampigia simu papo hapo. Akaniomba nirudie tarakimu, mara mbili. Sijawahi kurudia kitu kwa furaha namna ile.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja asubuhi mama mkwe yuko mlangoni. Raba miguuni, mkoba kwapani. Anataka ufunguo.

Kumbe ameusoma mkataba wote, kurasa kumi na nane, hadi herufi zile ndogo za chini. Anasema dereva aliyeandikwa ni mmoja. Akiendesha mwingine, bima ni batili. Na yeye hajawahi kutia sahihi yake chini ya uongo.

Nikacheka. Hakucheka. Nikamkumbusha kwamba hajashika usukani siku nyingi. Hapo ndipo nilipoelezwa, jirani akisikia, kwamba aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na miwili, kwenye matope, mama mjamzito akipiga mayowe nyuma. Kisha akatoka getini kinyumenyume, mara moja tu, bila kugusa chochote. Daktari wa meno alipiga makofi.

Nimekwenda kazini kwa miguu, chombo cha kupimia begani. Jasho hadi kwenye soksi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepewa lifti kwenye gari langu mwenyewe. Kiti cha nyuma! Cha mbele kakaa shoga yake mama mkwe. Njia nzima wanazungumza habari za magoti.

Tulipofika nikapiga moyo konde. "Mama, nadhani sasa yatosha. Gari ni langu, unajua."

"Nionyeshe kadi yake, baba."

Kadi ya umiliki ina jina lake. Niliipeleka mwenyewe ikabadilishwe, tena mbio.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbaya. Mama mkwe alikuja kutuona. Nikamwomba nilisogeze gari kivulini, mita nne tu. Kabla hajajibu nilikuwa nimeshanyakua ufunguo mezani. Sikujua kwamba shemeji naye ndiyo kwanza amefika, gari lake limetulia nyuma yangu. Kishindo! Taa mbili na bampa.

Shemeji alifoka, sikumsikia. Nilimwona mama mkwe, ameshika fremu ya mlango.

"Miaka arobaini na miwili," akasema taratibu. "Sijaandikwa hata mkwaruzo."

Hakunitazama. Nikasema nitamlipa fundi mwenyewe, magari yote mawili, bima isisikie kitu. Akajibu kwamba bima itasikia, na itasikia kwa mdomo wangu: nani aliendesha, na kwa ruhusa ya nani. Ufunguo ameutia kamba, ameuvaa shingoni.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesema kweli yote mbele ya Bi Miwani, mama mkwe amesimama pembeni kama askari. Ajali imeandikwa kwa jina langu. Ya nne. Bi Miwani alifungua faili la pili, la kwanza limejaa. Hasara yote ni juu yangu. Rekodi ya mama mkwe imebaki safi. Akashusha pumzi, akanigusa bega, akanirudisha nyumbani. Kiti cha nyuma.

Jumatatu, 31 Machi

Siku kumi natembea kwa miguu. Nimetafakari sana, nimekubali kosa langu. Kosa lilikuwa kuchagua mtu mwenye leseni.

Mhasibu wa ofisini kwetu anauza gari lake dogo. Nimempigia shangazi yangu, miaka themanini na mmoja. Hajawahi kushika usukani, kwa hiyo hajawahi kugonga kitu. Rekodi safi kuliko zote katika ukoo! Amekubali mara moja, bila maswali ya karatasi. Kauliza jambo moja tu: gari lina rangi gani.

Mtu rahisi kabisa. Huyu hatanisumbua.