Nondo Niliyoikata Mwenyewe

Jumanne, 2 Septemba

Wazo limenijia nikinyoa ndevu! Halmashauri inajenga daraja la Namawala, na Ijumaa mhandisi Obadia atatusikiliza sisi wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nondo za viwanda vyetu au za nje? Mimi natetea za kwetu hadi sauti imekauka. Mama mkwe anaishi ng'ambo ya mto huo. Masika iliyopita alivuka na mpunga wake kwa mtumbwi, akalowa mpaka kilemba. Nimemwahidi daraja la chuma cha Tanzania. Sasa maneno hayatoshi. Watu wanataka kuona.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemtuma bodaboda anunue nondo kwa Balbina, mpinzani wangu wa mtaa wa pili. Anauza za nje, kila mtu anajua. Ikaja imekunjwa katikati kama kawaida yetu, ncha zikiburuzwa nyuma ya pikipiki. Nikainyoosha, nikaipiga msumeno karibu nusu, nikaziba kwa tope la jaruba. Kazi safi! Mke wangu Teddy akauliza nafanya nini. Nikasema utafiti.

Ijumaa, 5 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Ukumbini, mbele ya Obadia, mafundi walikunja nondo yangu, ikatii. Wakakunja ya Balbina. Ka! Vipande viwili. Nikaruka, nikatangaza kwamba ndiyo takataka ya nje hiyo. Makofi! Mama mkwe, aliyevuka mto kuja kunisikiliza, akapiga kigelegele.

Balbina hakukasirika. Alimwomba tu mhandisi asome herufi zilizochomoza kwenye chuma. Obadia akafuta tope, akasoma jina la kiwanda cha Dar es Salaam. Kumbe Balbina aliacha kuuza za nje tangu mwaka jana! Kisha kidole cha Obadia kikafika penye mkato. Akauliza ni nani aliyepiga msumeno chuma tulichokuja kukitetea.

Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga. Bora angenitukana.

Balbina akaagiza nondo nyingine ya fungu lilelile. Ikakunjwa, ikanyooshwa, ikakunjwa tena. Haikukatika. Obadia akaridhika: daraja litajengwa kwa nondo za kwetu. Nimeshinda, na nimetoka kwa mlango wa chooni.

Jumapili, 7 Septemba

Nilikwenda misa ya kwanza nikidhani watu ni wachache. Wote walikuwepo. Kwenye kutakiana amani Balbina akanishika mkono, akaniambia Jumanne anakwenda Mlimba kutetea nondo zetu kwenye ujenzi wa zahanati. Akaniomba tufuatane, maana nina sauti kubwa. Machozi yalinitoka. Mchana nikaenda Namawala kumwamkia mama mkwe. Aliitikia marahaba huku akitazama kuku.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeungama kwa padri. Nimemwapia Teddy kwamba msumeno wangu sitaugusa tena, na nimempa aufungie kabatini. Moyo mwepesi.

Ila nimewaza. Mlimba kuna watu wabishi. Je, nondo ya nje ikikataa kukatika, Balbina atafanyaje, maskini? Yeye ni mwema mno, hajui mambo haya. Basi nimenunua moja ya nje, na jirani ameniazima msumeno wake.

Safari hii nimesoma herufi kwanza.