Kitenge cha Agathe

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa sita, 2000
Habari njema! Agathe amekubali kuja Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, hapa Kadutu, kutazama mchezo wa kuigiza wetu sisi tunaoacha dawa za kulevya na pombe. Akiona nimepona, atatoka kwa mama yake, mtaa wa Nguba, na kurudi nyumbani na watoto. Asipoona, basi. Alisema hivyo: basi.
Maman Clémence, mwanasaikolojia wetu, anaamini mtu huacha dawa kwa kuigiza maisha yake. Hadithi ni yangu tupu: mume aliyeanza vidonge vya usingizi wakati wa mabomu ya '96. Mabomu yalinyamaza, vidonge vikaendelea. Nafasi ya mume ni yangu bila shaka. Nimeanza mazoezi ya kulia mbele ya kioo.

Jumanne, tarehe 6
Msiba! Mume ni Zagabe. Mchimba dhahabu wa Mwenga, mvuta bangi, sekondari hakuigusa! Mimi nimepewa nafasi ya mke, Agathe. Nilipinga. Maman Clémence akasema nimejizungumzia tangu Pasaka, sasa nikae kidogo mahali pa mke wangu. Zagabe akauliza kama maman Agathe naye ana ndevu. Wakacheka wote, hata Apolline, anayeacha kanyanga, ile pombe kali, ambaye hacheki.

Jumatano, tarehe 7
Nimekwenda Nguba kuazima nguo. Agathe alinitazama sana, kisha akaniletea kitenge cha buluu, cha ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza. "Papa Xavier, iko hiki kimoja tu. Utanirudishia." Nikaapa.
Mazoezini nilikaa kwenye kigoda nikimngojea Zagabe arudi nyumbani. Nikalalamika kwamba kungojea kunachosha mno. Maman Clémence akaandika kitu, sijui kwa nini.

Alhamisi, tarehe 8
Redio inasema Kisangani inapigwa mabomu. Sikulala. Lakini mpango umekuja!
Vidonge vya mchezo ni vipande vya chaki ndani ya kichupa. Zagabe huvimeza kweli, kwa ushamba wake. Nikitia vya kweli, atasinzia kabla ya sehemu ya pili, nami nitavua kitenge na kuwa mume. Maneno yake nimeyahifadhi yote. Vya kweli ninavyo, vitatu, ndani ya godoro. Nimevitunza kama ushahidi wa nguvu zangu.

Jumapili, tarehe 11
Jana sikuandika. Nililala.
Zagabe alitia kidonge mdomoni, akasikia uchungu. Akakitema kiganjani, akanitazama. Kisha akasema maneno ambayo hatukuyafanyia mazoezi: "Mke wangu, shika vyote. Utupe." Akavimimina mkononi mwangu. Agathe mstari wa mbele. Dirisha lilikuwa wazi.
Nilirusha mkono. Mkono tu.
Hakuna aliyeona! Niligeuka vizuri sana kabla ya kumeza. Kisha nikakaa kwenye kigoda cha Agathe, na zaidi ya hapo sikumbuki.
Yaliyobaki nimesimuliwa na Zagabe, bila furaha, jambo lililonishangaza. Mchezo ulipoisha, Maman Clémence aliwaalika wageni wawaulize waigizaji maswali. Agathe alisimama. Hakumuuliza mume. Alimuuliza mke: "Wewe mama wa kitenge, bado unamungojea?" Mke alikuwa anakoroma. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo. Agathe hakupiga. Usingizi ule anaujua.
Aliondoka peke yake. Mimi walinibeba.

Jumanne, tarehe 13
Maman Clémence alipita. Hakunigombeza. Alisema kigoda kipo, nirudi nikikipenda. Nilimjibu kwamba kosa lilikuwa kugawa nafasi vibaya. Akaaga.
Mchana akaja shemeji Lydie, mdogo wa Agathe. Ametumwa kuchukua kitenge, dada yake hataki kitu kingine hapa. Nikafikiri haraka. Agathe akikipata, hatakuwa na sababu ya kutuma mtu tena! Nikamwambia nimekifua, bado kinadondoka maji, apite kesho. Akauliza kama kesho kitakuwa kimekauka. Nikaapa.
Jua lilikuwa kali, kimekauka kabisa.
Nimekilowesha tena.