Mchikichi wa Kumzuia Ildefonsa

Jumapili, 14 Januari 1979

Misa imekwisha saa nne. Nimefanikiwa kutembea na Ildefonsa hadi njia panda. Hatua mia tatu na arobaini! Ni mjane. Kwao ni Kigoma. Alikuja hapa Nyakisasa kwa ndoa, na sasa mume yuko kaburini na kaka yake amemwandikia arudi nyumbani. Anangoja basi tu. Basi lenyewe limechukuliwa kubeba askari wa vita vya Uganda.

Nilimuuliza anakumbuka nini huko kwao. Akasema michikichi. Kuamka na kuiona mlangoni, kusikia matawi yakisuguana. Mahali pasipo na mchikichi, alisema, moyo wake haukai. Nikamweleza kwamba mchikichi na mnazi ni wa ukoo mmoja. Akaniaga.

Nimeamua. Mchikichi utachipua mlangoni pangu kabla basi halijarudi. Akiuona, atakaa.

Alhamisi, 18 Januari

Nimetoka Biharamulo na chikichi kumi na mbili. Nyandwi, mchuuzi wa sokoni, huwauzia wapika sabuni, maana sabuni madukani siku hizi ni hadithi. Nilimwambia mimi nakwenda kuzipanda. Alicheka mpaka akashika meza. Watu wasiosoma hucheka sana.

Sayansi yake ni hii. Mbegu ya mchikichi ina ganda gumu na usingizi mzito. Bila joto la kudumu inaweza kulala mwaka mzima. Kwanza inalowekwa siku saba, maji yakibadilishwa kila asubuhi. Nimefundisha kilimo miaka ishirini na saba. Nazijua mbegu.

Alhamisi, 25 Januari

Joto litoke wapi? Sufuria jikoni? Hapana, zitaiva. Nilijaribu kuku wa dada yangu Scholastika, ninayeishi naye. Kuku alizisukuma zote nje ya kiota, akanitazama vibaya. Scholastika naye vilevile.

Ndipo nikapata jibu. Shimo la kuivishia ndizi! Linachomwa moto, linatandikwa majani, ndizi za pombe zinafukiwa humo siku sita katika joto la taratibu. Mimi sina shimo. Migomba yangu ilibaki kwenye mahame tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, na hadi leo naiona ndotoni. Mwenye shimo ni Anastazi, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye pia humsindikiza Ildefonsa kutoka misani, Jumapili zile ninazoumwa goti. Alifukia ndizi zake jana.

Leo wote wamekwenda shamba la kijiji. Nikasingizia goti. Nikafukua, nikaweka chikichi zangu ndani ya soksi, nikafukia. Goti sasa linauma kweli.

Jumatano, 31 Januari

Aibu! Anastazi kafukua ndizi zake akakuta soksi nzito. Akapiga yowe kwamba amerogwa. Akaita kikao cha nyumba kumi, akaning'iniza soksi kwenye kijiti, akauliza ni ya nani. Scholastika, dada yangu wa tumbo moja, akasema ni ya Mwalimu, kiraka kile kaweka yeye mwenyewe.

Nikasimama. Nikaeleza uotaji wa mbegu kwa dakika ishirini. Anastazi akanikata: "Mwalimu, pombe yangu itanuka mguu wako!"

Ildefonsa alichukua chikichi moja, akainusa, akaipasua kwa jiwe. Akasema hizi zilichemshwa na kukamuliwa mawese zamani, kabla hazijafika sokoni. "Mwalimu wangu, unaatamia mayai ya kuchemsha."

Nyumba zote kumi zikaangua kicheko. Mimi nilisikia lile "wangu" tu.

Baadaye akanifuata, akauliza polepole, mchikichi ulikuwa wa nini. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema: utafiti.

Alhamisi, 12 Aprili

Redio inasema Kampala imetekwa. Ngoma kila nyumba. Nami nimecheza, kwa kuwa naipenda nchi yangu. Lakini askari wakirudi, na mabasi yatarudi. Mungu anisamehe. Kidogo tu nimetamani vita viendelee, mpaka masika yaishe.

Jumatatu, 30 Aprili

Basi limekuja. Ildefonsa ameondoka.

Nilimbebea kapu. Anastazi alibeba godoro. Mtu wa kujionyesha. Alipokwisha kukaa dirishani, Ildefonsa aliniita. Akasema tangu Januari amelifunga kapu lile na kulifungua, akalifunga na kulifungua, akingoja mtu mmoja amwambie abaki. Hakuna aliyesema. "Neno lenyewe fupi hivyo, Mwalimu. Na wewe una maneno mengi."

Nikafungua kinywa. Basi likaondoka. Nikala vumbi.

Jumatano, 2 Mei

Nimemwandikia. Kurasa nne. Nimemwomba chikichi mbichi, zilizodondoka zenyewe, zisizoonja maji ya moto. Nimeeleza kina cha shimo, mbolea ya samadi, na kwa nini mche hadi mche ziwe mita tisa.

Nilitaka kuliongeza lile neno mwishoni, lakini karatasi imejaa. Tena si neno la kutumwa hivihivi, bila uthibitisho. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa nne. Ukizaa, nitamwambia. Nimepiga hesabu: itakuwa 1983, kwenye mwezi wa tano, mvua zisipochelewa.