Kusafisha Kompyuta Kabla ya Harusi ya Asma

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Binti yangu Asma anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Orodha ya waalikwa imo ndani ya kompyuta ya nyumbani, nayo inachukua dakika kumi na moja kuamka. Nimepima. Mke wangu Hidaya ametaka kazi ya kuisafisha apewe Pitchou, mwenye kibanda cha kupiga chapa ng'ambo ya barabara. Nimekataa. Pitchou amenicheka mbele ya wateja: "Papa Asma, ile mashini yako iko inaota ndoto. Uiache ilale." Nitaisafisha mwenyewe, kwa utaratibu.

Jumanne, 9
Vumbi: nimelipuliza kwa pampu ya baiskeli. Mende wawili, mmoja hai. Filamu za shemeji: zimefutwa. Programu zinazojiamsha zenyewe: zimezimwa. Sasa dakika nne. Pitchou hajui.

Jumatano, 10
Leo vitu vinavyojirudia. Mafaili pacha yote nje. Kumbe hata orodha ya waalikwa imejaa marudio: Amisa Alimasi mara tano, Malaika Yassine mara tatu. Hidaya aliandika akiwa amechoka, maskini. Kuna kitufe cha kuondoa marudio. Nimebonyeza. Majina tisini na nne yamebaki sitini na moja, na orodha inafunguka papo hapo. Hidaya ameomba aisome kwanza. Nimemwambia kompyuta imeshaisoma. Kadi zimeondoka kwa pikipiki kwenda Nyangwe, Kabambare na Wamaza.

Alhamisi, 18
Simu kutoka Wamaza. Dada yangu mkubwa, yaya Amisa, hajapata kadi. Bibi yetu aliitwa Amisa, na kila tawi la ukoo lilimpa mtoto jina lake. Nilijua hayo tangu utotoni. Kompyuta haikujua. Na bila shangazi kumshika mkono, Asma hatoki nyumbani.  Hidaya anapika tu, kwa kelele.

Jumamosi, 20
Yaya amefika amejaa vumbi, na Amisa wengine watatu wasio na kadi. Wamekataa kuingia. Wamekaa kwenye mabenchi ya Pitchou, aliyewapa chai kwa furaha kubwa. Yaya ameniuliza: "Yassine, mimi niko kitu cha kufuta? Basi unifute na hapa." Nimemwomba msamaha kila Amisa peke yake, kwa jina la mama yake na la kijiji chake. Yaya amenirudisha mwanzo mara mbili, eti nakwenda mbio mno. Ndipo akaingia, akamshika Asma mkono, vigelegele vikapanda. Harusi nzuri sana.

Jumapili, 21
Kompyuta sasa inaamka kwa dakika moja na nusu. Hakuna aliyeisifu. Hidaya amelala kwa uchovu wa jana. Simu yake nzito, inakwama hata kupiga. Nimeangalia ndani: Mama Faida wanne, Mama Grâce sita. Mtu mmoja hawezi kuwa na Mama Grâce sita. Nimebakiza mmoja mmoja. Akiamka ataikuta inakimbia.