Gramafoni Yangu Ilivyomsimamisha Bibi Arusi

Salum na Yusto, leo nimepatikana. Mchana kweupe, mbele ya watu wa Kaisho, na koti langu zuri nimevaa. Nawaandikia kabla jua halijazama, kwa sababu kesho lori la kahawa linakuja Bukoba, na yule dereva alikuwepo. Heri mnisikie mimi kwanza.

Mnaijua gramafoni yangu. Ile niliyoipata kwa kushona suruali za watu miaka miwili (chache zilitoka na miguu isiyolingana, lakini hayo yamepita). Siku hizi huku arusi ya heshima haifanyiki bila mimi. Nabeba mashine, santuri zangu saba na kopo la sindano, naweka meza mbele ya mlango, watu wanacheza mpaka vumbi linawafika magotini. Leo jirani yangu Petro alikuwa anaoa msichana wa Igurwa, nami nikamwahidi kwamba bibi arusi wake ataingia uani kwa muziki, hatua kwa hatua, kama wanavyofanya mjini.

Nikatuma na maagizo Igurwa: shangazi mtu amfundishe bibi arusi kutembea kwa kufuata muziki. Muziki ukienda pole, naye pole. Muziki usipolia, asinyanyue mguu. (Kumbukeni hayo maagizo. Niliyatoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.)

Lakini nilikuwa na langu moyoni. Koku wa Igurwa mnamkumbuka. Nimeshapeleka posa. Baba yake, Mzee Rwiza, alimwambia mshenga wangu, "Huyo mzungusha mpini nitamtazama kwanza akiwa kazini. Ndipo nitatoa jibu." Na leo alikuwa anakuja, maana bibi arusi ni mtoto wa shemeji yake. Asubuhi niliipangusa gramafoni mara tatu, kisha nikapangusa na meza.

Mama Koku sikumwogopa. Niliambiwa atakayemleta bibi arusi ni shangazi mkubwa, na Mama Koku, mdogo mtu, atabaki kwao kulinda nyumba. Salum, wewe watu wako ni wa pwani, nikueleze. Huku kwetu ukishaposa, wewe na mama mkwe hamwonani uso kwa uso. Mkikutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Akiwa na neno nawe anamwambia mtu mwingine, wewe unasikia. Ukimkabili macho kwa macho, posa umeichafua kwa mikono yako.

Saa nane wageni wakafika. Mzee Rwiza akapewa benchi la mbele, hatua tatu kutoka mezani kwangu.

"Shikamoo, waitu," nikamwamkia kwa neno letu la heshima.

"Marahaba. Haya, tuone."

Pembeni yake alikaa Mzee Kalokola, mpiga enanga, ile ala yetu ya nyuzi, nayo iko magotini. Tangu nilipokuja na gramafoni hakuna anayemwita kupiga. Nikamuuliza amekuja kufanya nini. Akasema, "Nimekuja kunywa rubisi tu, mwanangu. Hii nimeibeba kwa sababu haipendi kubaki nyumbani peke yake."

Nikaweka santuri ya mwanamke mmoja mwenye sauti laini, wimbo wa pole pole. Nikatia ufunguo nusu tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Mzee Rwiza nione kama ananitazama. Nilijiambia nitamalizia kuzungusha mpini wimbo ukiendelea.

Bibi arusi akatokea migombani, amefunikwa kichwa, ameshikwa mkono. Akatua mguu mmoja. Akatua wa pili. Sawasawa kabisa na wimbo. Akina mama wakanyoosha shingo wamwone. Mzee Rwiza akatikisa kichwa kidogo, namna ya kukubali, nami nikamwona Koku tayari nyumbani kwangu akinipikia ndizi.

Kisha yule aliyemshika bibi arusi mkono akainua uso. Nililiona pua kwanza. Pua la Koku. Kumbe shangazi mkubwa amevimba mguu, na Mama Koku ndiye aliyeletwa badala yake, na anakuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

Migomba ilikuwa nyuma yake. Mlango ulikuwa umejaa watu. Ua umefagiliwa, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Nikaingia chini ya meza.

(Nashukuru kitambaa cha meza kilifika chini. Nilikishona mimi, na hicho kililingana.)

Kule chini nikatulia, nikajisifu kwa akili nyingi. Halafu nikasikia wimbo unachoka. Yule mwanamke wa sauti laini akawa mwanamume. Yule mwanamume akawa fahali mwenye tumbo la kuuma. Nikachungulia. Bibi arusi, mtoto mwenye adabu, alikuwa anafuata muziki kama alivyofundishwa. Hatua moja... ikachukua muda... hatua nyingine... Wasichana nyuma yake wakaiga vilevile, mabega yakining'inia. Mtu mmoja akanong'ona, "Ndio mtindo wa Bukoba huo." Wakapiga makofi.

Wimbo ukafa. Bibi arusi akabaki na mguu mmoja hewani.

Hakuutua. Muziki usipolia, mguu usitembee. Jua linawaka, mtoto wa watu amesimama kama korongo, Mama Koku amemshikilia asianguke. Petro akainama kwenye kitambaa.

"Fundi, uko wapi?"

"Chini."

"Unafanya nini chini?"

"Naheshimu. Zungusha mpini."

"Mimi? Siujui huo."

Basi nikapenyeza mkono wangu juu, nikaupapasa mpini, nikazungusha kwa hofu yangu yote. Sijui nilishika nini kingine, nadhani kile kidude cha mwendo, maana wimbo uliruka kama umechomwa na siafu. Fahali akawa kifaranga. Na bibi arusi akafuata! Alikuja mbio uani, kichwa kimefunikwa, Mama Koku akiburutwa nyuma, wasichana wote mbio, akina mama wanavuka benchi kuwapisha. Mimi nazidi kuzungusha, maana chini ya meza sikuona kitu.

Springi ikakatika. Mpini ukarudi kinyume, ukanipiga vidole. Nikasimama kwa maumivu, na nikasahau kwamba juu yangu kuna meza.

Gramafoni ikaenda huko. Santuri zikaenda huko. Mimi nikasimama katikati ya ua, kitambaa cheupe kimenifunika kichwa mpaka kiunoni, ana kwa ana na bibi arusi aliyefunikwa vilevile.

Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Petro, umeletewa wawili."

Nilisikia vicheko mpaka ng'ombe wakaitikia. Katikati ya vicheko nikasikia sauti ya Mama Koku. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa amegeuka, anaongea na mgomba. "Wewe mgomba, mwambie huyo fundi asikivue hicho kitambaa mpaka nimeingia ndani."

Sikukivua. Mzee Kalokola, bila kuombwa na mtu, akaanza kupiga enanga. Bibi arusi akaingia ndani kwa hatua nzuri kuliko zile zangu, vigelegele vikapanda, na ua mzima ukacheza. Mimi nikapapasa njia hadi migombani, nikakaa na vidole vyangu.

Baadaye Mzee Rwiza akanifuata, anatafuna buni za kahawa.

"Nilikuja kukutazama kazini," akasema.

"Ndiyo, waitu."

"Kazi huiwezi."

Nikainamisha kichwa. Akatema ganda.

"Lakini mke wangu amenituma. Anasema ana wakwe watatu, na wote wakikutana naye njiani wanapita wakijifanya hawamjui, migombani hawaingii. Wewe umeacha chombo chako kivunjike kuliko kumkosea. Anasema ni wewe. Lete watu wako tuzungumze."

Nilifurahi, jamani, hata vidole vikaacha kuuma. Nikamshika mzee mikono miwili. Aliponiacha akageuka. "Ila siku ya arusi yako, atapiga Kalokola."

Basi mtakuja nami Igurwa, maana watu wangu ndio ninyi, na mtacheka huko huko, si kwenye baraza ya duka mkiwasomea watu barua yangu. Nanyi mkija kumiliki gramafoni, kabla ya kutia ufunguo, ulizeni kwanza shangazi ni nani.