Nirudishieni Maneno ya Waziri wa Bomba

Munawar Zaidi,
Krishan Nagar, Lahore.

Kwa Mheshimiwa Qureshi Sahib,
Mwenyekiti wa Bodi ya Ukaguzi wa Filamu.

Mheshimiwa,

YAH: MANENO YANGU MLIYOYAZIMA

Baada ya heshima zote zinazokustahili wewe na mkasi wako, mimi ndiye mtunzi wa ile filamu ya kuchekesha kuhusu waziri anayezindua bomba lilelile kila mwaka, nalo halitoi maji. Bodi yako iliiruhusu, nashukuru sana. Ila kila waziri anapofungua mdomo, mmezima sauti. Midomo inacheza, ukumbi kimya. Nina uchungu, na naomba uniruhusu niueleze.

1. Unawajua watu wa Lahore. Hawawezi kuona kimya wakakiacha hivihivi. Siku ya kwanza tu, waziri aliposhika utepe wa uzinduzi na kuanza kuchezesha midomo, fundi cherehani mmoja wa safu ya mbele alimsemea: "Ndugu wananchi, maji yapo, ila yamekwenda London kutibiwa." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi pale nilikuwa nimeandika, "Maji ni uhai." Nililia, Mheshimiwa.

2. Mimi nilimtania waziri mmoja tu, tena wa kubuni, tena kwa adabu. Kimya chenu kimewatania wote. Mjini Multan wanaifanya midomo hiyohiyo ya bwana mwenye mashamba, Faisalabad ya ofisa wa umeme, na Gujranwala nasikia kila safu ina mtu wake, wakagombana nani aanze. Serikali inayojali heshima ya viongozi wake haiwezi kuliacha jambo hili.

3. Polisi walikuja kuwakamata wasemaji. Wakakaa nyuma, taa zikazimwa. Waziri alipofungua mdomo, sauti ya kwanza ilitoka kwenye safu ya polisi. Sitasema walisema nini. Kilimhusu mkuu wao, na kilichekesha.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilimpeleka Ammi, mama yangu mzazi, ambaye miaka yote hii ananiuliza nitapata lini kazi ya maana. Alicheka mpaka mtandio wake wa dupatta ukamwangukia mabegani. Tulipotoka akanishika mkono, akaniambia, "Munna, leo umeniweza kweli. Hasa pale uliponyamaza."

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu maneno yangu yarudishwe yote. Nakuhakikishia hayana madhara yoyote. Wasambazaji wa filamu waliyasikia kabla hamjayazima, wala hakucheka mtu.

Unisalimie wajumbe wote wa Bodi, yule bwana wa mkasi, na wote nyumbani kwako.

Wako mtiifu,
Munawar Zaidi

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nilipita tena ukumbini, kuhakikisha tu. Ammi alikuwa amerudi na majirani zake. Waziri akashika utepe, fundi cherehani alikuwa na samosa mdomoni, kimya kikazidi, nami nikajikuta nimesimama. Nikasema langu. Walicheka mpaka mwendesha mashine akasimamisha filamu, na Ammi akaanza kuwaambia watu wa safu yake kwamba yule ni mwanawe. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Basi yote niliyoandika hapo juu naomba uyafute. Msirudishe hata neno moja. Ila ikiwezekana, kimya cha pale kwenye utepe kirefushwe kidogo, maana jina lako na cheo chako ni virefu, Mheshimiwa, nami nilivimaliza kwa kukimbizana na midomo ya waziri.