Q Bila U

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimeshindwa tena. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kwetu "kupumzika siku mbili." Tangu hapo mvua zimekuja zikaondoka, yeye bado. Anakalia kiti changu. Anavaa kandambili zangu. Na kila jioni ananichapa kwenye ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi kuunda maneno ya Kiingereza. Leo kaweka "quiz." Q na Z ndizo zenye pointi nyingi kuliko zote, naye kazimeza kwa tonge moja! Mimi kila nikipata Q, sina U. Nafa nayo mkononi.

Akasema Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Hasira zikanipanda. Nikatangaza: Jumamosi, mechi ya mwisho. Nikishinda, shemeji anafungasha. Akishinda yeye, analala kwenye kitanda chetu, sisi tunahamia sebuleni. Akakubali kabla sijamaliza. Mke wangu akauliza nani kanipa ruhusa ya kuweka rehani kitanda chake. Swali zuri.

Jumanne, tarehe 5

Yapo! Maneno ya Kiingereza yenye Q bila U! Kazi yangu ni kuuza miwani dukani kwa daktari wa macho. Daktari alipoingia na mgonjwa, mimi nikaingia kwenye simu. "Qi," pumzi ya uhai kwa Wachina. "Qat," yaani mirungi. "Faqir," ambaye ni fakiri wetu yuleyule, kavaa suti. Na bora kuliko yote: "talaq." Ni talaka! Waingereza nao wameliazima kulekule tulikoliazima sisi.

Tabu moja tu. Kichwa changu hakishiki. Yanaingia sikio hili, yanatokea lile.

Jumatano, tarehe 6

Akili nyingi! Dukani kuna bango la kupimia macho, herufi kubwa juu, ndogo chini. Nimechapa langu, lenye maneno yangu, nikalibandika juu ya lile la daktari. Wagonjwa wananisomea, nami nakariri bure.

Kisha akaja mama mmoja na mumewe. Akaziba jicho la kushoto, akasoma kwa sauti: ta-la-ka. Akamgeukia mumewe, akamuuliza kama ndiyo maana alisisitiza kumleta leo. Mume akaapa kwamba hajui lolote. Mama akajaribu na jicho la pili, ahakikishe. Wakaondoka bila miwani, wakizozana mpaka barabarani.

Daktari kanipa adhabu ya kufuta vioo vyote vya duka. Sawa tu. Neno limeingia!

Alhamisi, tarehe 7

Janga. Nilikuwa naoga, nakariri kwa sauti ili neno lisitoroke. Talaq! Talaq! Talaq! Nilipotoka na povu masikioni, mke wangu amesimama koridoni, ufagio mkononi.

"Mara tatu?" akasema. "Tena bafuni? Hata kunitazama usoni umeshindwa?"

Nikamwambia ni neno la Kiingereza. Akasema afadhali ningemwacha kwa Kiswahili, aelewe vizuri. Shemeji akapita na mswaki mdomoni, akasema neno hilo katika Kiingereza yeye hajawahi kulisikia. Nyoka!

Mke wangu kampigia simu mama yake.

Ijumaa, tarehe 8

Mama mkwe kafika. Zamani alikuwa mpiga chapa ofisini. Kosa la tahajia analinusa ukiwa bado unalifikiria. Akanikalisha. Akanisikiliza hadi mwisho. Akamwambia binti yake kwamba yeye anaamini mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho, kwani aliniona siku ya harusi.

Mke wangu kapoa, nusu. Sharti lake: neno lile lisitamkwe wala kuandikwa tena ndani ya nyumba hii. Nimeapa, kwa moyo mmoja. Nina "qi" na "qat." Zinatosha.

Jumamosi, tarehe 9

Mechi. Mama mkwe ndiye mwamuzi, kamusi mapajani. Shemeji yuko mbele kidogo. Mfuko wa vibao mtupu. Mkononi nimebaki na A, L, A, Q. I ya "qi" haipo popote. T ipo moja tu iliyo wazi, lakini imebanwa ukingoni mwa ubao, kwa hiyo "qat" haiingii. Baada yake, nafasi nne tupu. Zinaniita.

Jasho. Nikamwangalia mke wangu. Akatikisa kichwa, polepole. Nikamwangalia shemeji. Anapiga mluzi, na mto wake keshauweka mlangoni mwa chumba chetu.

Mikono ikatangulia kichwa. T-A-L-A-Q.

Mama mkwe akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Lipo," akasema.

Nimeshinda! Nikaruka! Nilipotua, mke wangu alikuwa amekwisha kusimama.

"Kaka yangu aondoke? Haya. Namsindikiza."

Wakaondoka wote watatu. Mama mkwe akarudi mara moja, kuchukua kamusi yake.

Kumbe kitanda hiki ni kipana hivi. Na kina baridi.

Jumapili, tarehe 10

Nimekwenda ukweni, shati limepigwa pasi. Nikapiga magoti sebuleni. Nikakiri yote: kiburi, kitanda, kiapo. Sauti ikanikatika, na si kwa maigizo. Mke wangu kakunja mikono, ananitazama tu, mwisho kicheko kikamponyoka. Akasema atarudi nami, na kaka yake abaki pale kwao, mradi nisiweke tena dau na mtu yeyote wa familia. Nikaahidi. Akaenda kuchukua mkoba.

Baba mkwe alikuwa muda wote nyuma ya gazeti. Akalishusha. Akasema taratibu kwamba Q ni ya watoto. Mwanamume hupimwa kwa X, na mkwe wa kumshinda kwa X hajazaliwa.

Nilijitahidi mno kunyamaza.

Tunacheza Jumamosi. Nikishindwa, shemeji anarudi kwetu, na baba mkwe anakuja naye. Mke wangu hajui. Tumerudi nyumbani, yuko jikoni anaimba. Nitamwambia kesho. Au Jumamosi jioni.